Kumsaidia Jirani Bila ya Kuchelewesha Shamba Lako

Mkulima wa Kitale hujua kwamba mvua haimngoji mtu. Mwishoni mwa Machi au mapema Aprili mawingu hukusanyika juu ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na kila nyumba huhitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Hapo mtu hujikuta katika shida: jirani amemwalika kupanda kwake, na shamba lake mwenyewe lingali tupu. Akikataa, ataonekana mchoyo; akikubali kila mwaliko, atapanda akiwa amechelewa.

Desturi ya kusaidiana kazi ni ya zamani, tena ni njema. Wakikuyu huiita ngwatio, na Wajaluo huiita saga. Katika nchi ya Waluhya pia majirani walizoea kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, naye akawaandalia chakula na busaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini mahindi yana saa yake. Udongo uliokauka kwa miezi mingi ukipata mvua za kwanza, hutoa kwa wingi chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni. Mvua zinazofuata hukipeleka chini, mbali na mizizi. Mahindi yaliyopandwa mapema hukiwahi. Yaliyochelewa hukikosa, na huanza maisha yake katika udongo uliolowa na wenye baridi. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti cha Kitale, mji ambako mbegu chotara ya H611 ilitolewa mwaka 1964, yalionyesha kwamba kuchelewa kupanda hupunguza mavuno hata kama mbegu ni bora na mbolea imetiwa.

Basi tufanye hesabu. Nyumba kumi zimepatana kusaidiana, na kila shamba lahitaji siku mbili za watu wote. Wakimaliza shamba moja kabla ya kwenda la pili, nyumba ya kwanza itapanda siku ya 1 na ya 2, bali ya kumi itangoja mpaka siku ya 19 na ya 20. Yule wa mwisho amewasaidia wenzake wote, na ndiye atakayevuna kidogo.

Iko njia iliyo ya haki zaidi. Watu wapande nusu ya kila shamba, siku moja moja, kuanzia nyumba ya kwanza hata ya kumi. Kisha warudi kinyume, kuanzia ya kumi hata ya kwanza. Nyumba ya kumi itapanda siku ya 10 na ya 11. Ya kwanza itapanda siku ya 1 na ya 20. Kazi ni ile ile na siku ni zile zile, lakini hasara ya kuchelewa imegawanyika karibu sawa, wala hakuna nyumba iliyokosa kabisa kupanda mapema.

Yafaa pia mambo mengine yaangaliwe. Kwanza, mashamba yalimwe Januari na Februari, wakati wa kiangazi, ili mvua ikute kazi iliyobaki ni kupanda tu. Pili, zamu zipangwe mapema mbele ya wote, na mgonjwa au mjane atangulizwe. Tatu, asiyeweza kuja aseme hivyo siku chache kabla, na ataje siku atakayokuja. Jirani hachukizwi sana na neno la "siwezi leo" kama anavyochukizwa na ahadi isiyotimizwa.

Karani wa ofisini na fundi wa karakana hawana mvua ya kuwakimbiza, lakini wana siku waliyoahidi kumaliza kazi. Nao wafuate kanuni hiyo: kumwambia mwenzao saa watakayoweza kumsaidia, na kuitimiza. Aliyeacha kazi yake iharibike kwa ajili ya wenzake, kesho atakuwa yeye mwenye kuomba msaada. Na mwenye ghala tupu hana cha kumpa jirani.