Rangi ya Ndege Si Pambo Tu

Huku kwetu Migori, matatu huingia gereji ikiwa nyeupe na siku ya tatu ikatoka nyekundu. Kule Homa Bay, mvuvi huipaka mashua yake rangi ufuoni, akaiacha ikauke juani. Si ajabu, basi, kuwasikia watu wakiuliza kwa nini ndege kubwa ya abiria izuiliwe chini juma zima au zaidi kwa ajili ya rangi.

Ndugu msomaji, kazi hiyo si ya brashi na kopo. Rangi kuukuu huondolewa kwa dawa au msasa, bila kukwaruza bati. Rangi mpya ikizidi unene huongeza uzito, nao uzito hula mafuta kila safari. Hata usukani wa mkiani hauna budi kupimwa upya, usije ukapoteza mizani yake.

Lakini hatari kubwa imo katika utepe unaofunika madirisha na vitundu vinavyosaidia kupima kasi na kimo. Oktoba 1996, ndege ya Aeroperú iliyokuwa imetoka kusafishwa iliruka kutoka Lima usiku, utepe ungali umeziba vitundu hivyo. Marubani hawakujua kimo chao. Ndege ikaanguka baharini, na watu wote 70 wakafa.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaotazama ndege zikitua Lichota na Kabunde: msitamani urubani peke yake. Fundi anayerudi kuhesabu kila utepe alioubandika ameshika roho za watu mkononi. Naye anastahili heshima hiyo hiyo.