Saratani ya Ngozi: Kovu Likikauka, Kliniki Isiachwe

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya ngozi huona mambo yamekwisha pindi nyuzi zinapotolewa na kovu kukauka. Baadhi huacha kliniki wakati huo, hasa wakihesabu nauli kutoka Kware au Kitengela na kibarua cha siku nzima kitakachopotea. Lakini saratani hii inaweza kurudi, na mara nyingi huanza polepole bila maumivu.

Kwa nini hurudi?

Daktari anapokata uvimbe, huondoa pia ngozi kidogo inayouzunguka. Nyama hiyo hupimwa maabara kuona kama kingo zake ni safi. Seli chache zikibaki, zinaweza kukua upya palepale au kusambaa hadi kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena. Mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu ya maabara yanasema nini kuhusu kingo, na atunze nakala yake.

Hatari huongezeka uvimbe ukizidi upana wa sentimita 2, ukiwa kwenye mdomo au sikio, ukiota juu ya kovu la moto au kidonda cha miaka mingi, au kinga ya mwili ikiwa dhaifu.

Nani yuko hatarini?

Watu wenye ualbino wako katika hatari kubwa, kwani ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga na jua. Wenye ngozi nyeusi pia hawajasalimika. Kwao, melanoma, aina iliyo hatari sana, hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977. Alitolewa ukucha, lakini saratani ikasambaa na akafariki mwaka 1981.

Ratiba ya kliniki

Kwa saratani ya skwamasi, inayowapata sana watu wenye ualbino, visa vingi vya kurudi hutokea ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa kawaida mgonjwa huonwa kila miezi 3 hadi 6 katika kipindi hicho, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa 5.

Dalili za kuangalia kila mwezi

• Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki 4
• Uvimbe mpya kwenye kovu au kando yake
• Kovu linalotoa damu, kuwasha au kufa ganzi
• Tezi iliyovimba
• Doa jeusi linalobadilika

Mwenye dalili yoyote kati ya hizi asingoje tarehe ya kliniki. Afike kituo cha afya kilicho karibu akiwa na karatasi zake za upasuaji.

Kila siku, kofia pana, mikono mirefu na kivuli saa za adhuhuri hupunguza hatari. Watu wenye ualbino waulizie hospitali ya umma kuhusu mafuta ya kujikinga na jua yanayotolewa bila malipo chini ya mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.