Mazoezi ya Erobiki na Mishipa ya Damu ya Mwanamke Mzee

Aghalabu mwanamke mzee mwenye unene wa kupindukia huanza mazoezi akitarajia kupunguza uzito. Mizani isiposhuka, hukata tamaa na kuyaacha. Uamuzi huo humnyima faida isiyoonekana kwa macho.

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando mwembamba wa seli unaotoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa ukapanuka. Ugunduzi kuhusu gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998. Hedhi ikomapo, homoni ya estrojeni hupungua. Unene nao huudhoofisha utando huo. Hatimaye ateri hukakamaa na shinikizo la damu hupanda.

Mazoezi ya erobiki, kama vile kutembea kwa kasi au kuogelea, huharakisha mtiririko wa damu. Mtiririko huo huuchochea utando kutoa gesi zaidi, na manufaa haya huweza kupatikana hata uzito usipopungua. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hata hivyo, manufaa hufifia mazoezi yakikatizwa. Kwa hivyo, mafanikio yasipimwe kwa mizani pekee, bali pia kwa shinikizo la damu.