HABARI HUPIMWAJE?

Zamani, mtu mwenye habari ya haraka alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi. Alilipia kila neno. Kwa hiyo hakuandika, "Ndugu yangu mpendwa, nakuarifu kwamba mama yetu ni mgonjwa sana, tafadhali njoo upesi." Aliandika, "MAMA MGONJWA NJOO UPESI." Maneno manne tu. Ndugu alielewa, akapanda basi.

Je, maneno yaliyoachwa yana kazi gani basi? Soma maandishi haya yaliyofutika kidogo:

VIT_BU VY_NGU VYOTE VIM_POTEA.

Umeyasoma bila shida. Lugha yetu hurudia jambo lile lile mara nyingi. Hapa dalili ya wingi imo katika kila neno: vi, vy, vy, vi. Ikipotea moja, nyingine zinabaki. Ziada hiyo si upotevu. Ni akiba, kama mbegu ya pili katika shimo la mahindi.

Mahali pasipo na akiba, kosa dogo huleta hasara. Tazama: "Hatakuja kesho." Futa herufi ya kwanza. Sasa ni "Atakuja kesho," nawe utakwenda kituoni kumngoja mtu asiyekuja. Tarakimu ni mbaya zaidi. Ukiona "shilingi 4_,000" hutajua kama ni 41,000 au 49,000.

Mtu aliyeyachunguza mambo haya kwa hesabu ni Mmarekani, Claude Shannon (1916–2001). Alifanya kazi katika maabara za simu za Bell. Mwaka 1948 alitoa makala iliyoonyesha kwamba habari hupimika, kama mchele unavyopimwa kwa kilo. Kipimo chake huitwa biti.

Biti moja ni jibu la swali moja la ndiyo au hapana, ambapo majibu yote mawili yangeweza kutokea sawasawa. Ukiniambia kwamba kesho jua litachomoza mashariki, hujanipa biti hata moja. Nilijua.

Fanyeni mchezo huu darasani. Chora nyumba 8 kwa mstari. Mwenzako achague moja moyoni. Uliza: "Je, imo katika nne za kushoto?" Akijibu, zimebaki 4. Gawa tena, zimebaki 2. Swali la tatu litakupa nyumba yenyewe. Kwa hiyo kuchagua nyumba moja katika 8 ni habari ya biti 3. Nyumba 16 ni biti 4. Hata nyumba 1,000, maswali 10 yanatosha! Nilipoufanya mchezo huu, mzee mmoja alianza kwa kuuliza, "Ni nyumba ya Mwenyekiti?" Tulicheka, lakini ona: jibu lilikuwa hapana, na nyumba 7 zilibaki. Swali zuri ni lile linalogawa nusu kwa nusu.

Kompyuta na simu ya mkononi hufanya kazi kwa biti hizo. Ndiyo huandikwa 1, hapana huandikwa 0. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, herufi A ni 1000001, na herufi C ni 1000011.

Njiani biti inaweza kuharibika, kwa radi au kwa mawimbi hafifu. Shannon alithibitisha kwamba hata njia yenye makelele inaweza kupitisha habari karibu bila kosa, mradi tusiipe habari nyingi kuliko uwezo wake, na tuongeze ziada kwa utaratibu. Njia rahisi ni hii. Mashine huhesabu tarakimu 1. Katika A ziko mbili, ni shufwa, basi huongeza 0. Katika C ziko tatu, ni witiri, basi huongeza 1 ili ziwe nne. Mashine inayopokea nayo huhesabu. Ikikuta witiri, inajua kuna kosa, na inaweza kuomba habari irudiwe. Makosa mawili kwa pamoja huipita bila kuonekana, kwa hiyo wataalamu hutumia pia njia nyingine ngumu zaidi.

Mhazini wa kikundi hufanya kazi ya namna hiyo hiyo anapoandika stakabadhi. Huandika 45,000 kwa tarakimu, kisha huandika tena kwa maneno: shilingi elfu arobaini na tano. Maji yakimwagika juu ya ile 5, bado fedha zenu zinajulikana.