Bangi, Uboho na Ukungu wa Ng'onda

Wavuvi wa Rongui, kisiwa kidogo cha kaskazini mwa Cabo Delgado, wanaujua ukungu. Ng'onda aliyewekwa guniani kabla hajakauka sawasawa huota unga wa kijivu tumboni, na mwenye macho humtupa. Bangi, ambayo Msumbiji huitwa suruma, nayo hushika ukungu ikikaa mahali penye unyevu. Mwenye mapafu mazima huenda asidhurike. Aliyepandikizwa uboho, ambaye kinga yake ni dhaifu, anaweza kufa.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Tanzania, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, wakichangiwa na ndugu zao. Uboho wa ndugu huja na askari wake. Seli nyeupe zikijiona ziko ugenini huushambulia mwili uliozipokea: ngozi hutoka vipele, macho huwa manjano, mgonjwa huharisha bila kupumzika. Hospitali ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 2021, iliwarudishia wagonjwa wa saratani ya damu seli zao wenyewe, kwa hiyo ugomvi huo haukuwapo.

Hapo ndipo bangi inapoingia. Seli za kinga zina vipokezi viitwavyo CB2. THC, kemikali ya bangi inayolevya, ikivishika huzipunguzia ukali. Hilo limeonekana kwa panya. CBD, kemikali nyingine ya bangi, hailevyi, na hutuliza kwa njia nyingine. Nchini Israel, Moshe Yeshurun na wenzake walichapisha mwaka 2015 habari za wagonjwa 48 waliomeza miligramu 300 za CBD kila siku, pamoja na dawa za kawaida, kuanzia siku 7 kabla ya kupandikizwa hadi siku 30 baadaye. Muda wote wa kuitumia, hakuna aliyepatwa na ugonjwa huo wa mwili kushambuliwa na seli ngeni. Inatia moyo kwelikweli, ingawa walilinganishwa na wagonjwa wa miaka ya nyuma tu.

Lakini hiyo ilikuwa dawa iliyopimwa, si msokoto. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walieleza kifo cha mtu aliyepandikizwa uboho: kuvu aina ya Aspergilasi ilimla mapafu, na bangi aliyovuta ilikutwa na kuvu hiyohiyo. Moto wa msokoto hauui mbegu zote za kuvu.

Hata mafuta ya CBD yana hatari yake. Huzuia ini lisiivunje takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga, nayo ikajaa damuni na kuumiza figo. Mgonjwa akificha kwamba anayatumia, daktari huona kipimo kimepanda na hupunguza dozi kwa kubahatisha.