Tsavo Mashariki, Tsavo Magharibi au Taita Hills? Jinsi ya kumwelekeza mgeni asipotee

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga mbili za kitaifa, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kando yazo kuna hifadhi ya kibinafsi, hifadhi ya jamii na milima ambayo jina lake limepewa pia hoteli na hifadhi iliyo tambarare. Kwa mkazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, haya ni maeneo tofauti kabisa. Kwa mgeni anayefika mara ya kwanza, yote ni "Tsavo".

Ndiyo sababu mgeni akikuuliza, "Tsavo iko wapi?" huwezi kumjibu kwa kunyoosha kidole tu. Swali hilo lina majibu manne au zaidi, na jibu lisilo sahihi linaweza kumpotezea siku nzima, mafuta ya gari na pesa za tiketi. Makala haya yanaeleza tofauti za maeneo hayo, ni nani anayesimamia kila moja, na mambo ambayo mkazi anafaa kumuuliza mgeni kabla ya kumwonyesha njia.

Kwa nini majina yanachanganya

Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948 ikiwa mbuga moja. Baadaye iligawanywa mara mbili kwa sababu za usimamizi, kwa kuwa lilikuwa eneo kubwa mno kusimamiwa na ofisi moja. Tsavo Mashariki ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 13,700, na Tsavo Magharibi takriban kilomita mraba 9,000. Kwa jumla, mpaka kati yao unafuata reli na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi.

Ukisafiri kutoka Voi kuelekea Nairobi, Tsavo Mashariki iko mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unapita kwanza mashamba na ranchi, kisha kuanzia sehemu za Manyani hadi Mtito Andei unaipata Tsavo Magharibi. Hii ina maana kwamba kuna sehemu ambapo mtu anaweza kusimama barabarani na kuwa na mbuga mbili, moja kila upande. Vibao vya barabarani navyo vimeandikwa Tsavo East na Tsavo West, maneno yanayotofautiana kwa herufi chache tu. Mgeni aliyechoka na safari hasomi kibao kwa makini.

Mbuga zote mbili zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS), lakini kila moja ina ofisi yake, malango yake na tiketi yake. Tiketi ya Tsavo Mashariki haimruhusu mgeni kuingia Tsavo Magharibi, hata kama malango yanatazamana ng'ambo ya barabara.

Tsavo Mashariki: lango liko Voi

Makao makuu ya Tsavo Mashariki yako Voi, na lango la Voi liko karibu na mji. Malango mengine yanayotumiwa sana ni Manyani, Buchuma kwa wanaotoka Mombasa, na Sala kwa wanaotoka Malindi.

Hii ndiyo mbuga ya nyika iliyo wazi na udongo mwekundu. Ndovu wake hujipaka vumbi na tope hilo hadi wakaonekana wekundu, na picha zao ndizo zinazowavuta wageni wengi. Humu ndimo mlimo Bwawa la Aruba, Mwamba wa Mudanda, Maporomoko ya Lugard kwenye Mto Galana, na Uwanda wa Juu wa Yatta, ambao ni mmojawapo wa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani, takriban kilomita 300.

Kwa hivyo mgeni akisema anataka kuona ndovu wekundu, au akitaja Aruba, Mudanda au Galana, mwelekeze Tsavo Mashariki.

Tsavo Magharibi: Mzima haiko Voi

Wengi wanaopotea ni wale wanaotafuta Chemchemi za Mzima. Wamesikia kuhusu maji maangavu, viboko na mamba, na chumba kilichojengwa chini ya maji ambamo mtu huwatazama samaki kupitia kioo. Wanatafuta malazi Voi kwa kuwa mji huo unajulikana kama mji wa Tsavo. Mzima haiko upande huo. Iko Tsavo Magharibi, takriban kilomita 50 kutoka lango la Mtito Andei, nao mji wa Mtito Andei uko takriban kilomita 100 kutoka Voi.

Maji ya Mzima hutokana na mvua inayonyesha kwenye Milima ya Chyulu. Hupenya kwenye miamba ya volkano na kusafiri chini ya ardhi kabla ya kububujika tena. Sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Tsavo Magharibi ina pia lava nyeusi ya Shetani, hifadhi ya vifaru ya Ngulia, na Ziwa Jipe kwenye mpaka wetu na Tanzania. Kilaguni, hoteli ya kwanza kujengwa ndani ya mbuga ya kitaifa nchini Kenya, ilifunguliwa humo mwaka wa 1962.

Malango yake ni pamoja na Mtito Andei, lango la Mto Tsavo kando ya barabara kuu, Chyulu kwa wanaotoka Amboseli, na Maktau kwa wanaotumia barabara ya Voi kwenda Taveta. Mgeni aliyelala Mwatate au Taveta hana haja ya kurudi hadi barabara kuu ya Mombasa. Lango la Maktau liko karibu naye zaidi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Milima ya Chyulu ni mbuga nyingine ya kitaifa, jirani ya Tsavo Magharibi, na ina tiketi yake.

Taita Hills: jina moja, mahali pawili

Huu ndio mkanganyiko unaowapata hata Wakenya wenzetu. Milima ya Taita ni ile ya Wundanyi na maeneo jirani, yenye baridi, misitu na mashamba ya mboga. Kilele chake cha juu zaidi, Vuria, kina urefu wa takriban mita 2,200. Watafiti na wapenzi wa ndege huja huko kwa sababu kuna ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mgeni wa Wundanyi anahitaji viatu vya kutembelea mlimani na sweta.

Hifadhi ya Wanyamapori ya Taita Hills, kwa upande mwingine, haiko mlimani. Iko kwenye tambarare baada ya Mwatate ukielekea Taveta. Ni hifadhi ya kibinafsi ya takriban ekari 28,000. Humo ndimo ilimo hoteli ya Salt Lick, ambayo vyumba vyake vimejengwa juu ya nguzo ili wageni wawatazame wanyama wanapokunywa maji chini yao. Wageni wengi hudhani hoteli hiyo iko ndani ya Tsavo Magharibi. Haimo. Hifadhi hii ina malipo yake ya kuingia, na tiketi ya KWS haitumiki hapo.

Inapakana na hifadhi ya jamii ya LUMO, ambayo jina lake linatokana na ranchi tatu zilizoungana: Lualenyi, Mramba na Oza. Ardhi hiyo ni ya wanachama wa ranchi hizo. Mgeni anayelipa kuingia LUMO anawalipa wenyeji moja kwa moja. Ukimpotezea mgeni njia ya LUMO, aliyekosa mapato ni jirani yako.

Na wale simba wala watu?

Wageni wengi huuliza ni mbuga gani iliyo na simba waliowaua wafanyakazi wa reli mwaka wa 1898. Tukio hilo lilitokea mahali lilipokuwa likijengwa daraja la reli juu ya Mto Tsavo, miaka 50 kabla ya mbuga kuanzishwa. Simba wale wawili waliuawa mwaka huo huo, na miili yao iliyokaushwa imehifadhiwa katika makumbusho mjini Chicago, Marekani. Simba wa leo wako katika mbuga zote mbili, na wengi wa madume wa Tsavo hawana manyoya mengi ya shingoni. Mgeni asichague mbuga kwa sababu ya hadithi hiyo peke yake.

Kukosea kunagharimu nini?

Chukua mfano wa familia iliyosafiri kutoka Kisumu. Imelipia tiketi za Tsavo Magharibi kwa sababu watoto wanataka kuwaona viboko wa Mzima, lakini imelala Voi. Alfajiri wanamuuliza mtu wa kwanza wanayekutana naye njia ya kwenda Tsavo, naye anawaonyesha lango la Voi. Langoni wanaambiwa tiketi zao ni za mbuga nyingine. Sasa wana njia mbili: walipe upya, au warudi barabara kuu waende hadi lango la Mto Tsavo, kisha waendeshe tena ndani ya mbuga hadi Mzima. Wakifika, jua ni kali na wanyama wengi wamejificha kivulini. Na lazima watoke kabla ya malango kufungwa jioni.

Familia hiyo haitasema ilipotea. Itasema Tsavo haina kitu. Kauli hiyo ndiyo hasara yetu kubwa.

Kwa safari ya shule, hasara ni kubwa zaidi. Basi la wanafunzi likifika lango lisilo lake, wazazi wameshachanga pesa na hakuna bajeti ya pili. Walimu wanaopanga safari wanaombwa wathibitishe jina la mbuga na jina la lango kabla ya kulipa.

Kaunti inaweza kufanya nini, na haiwezi nini

Wakazi wengine huuliza kwa nini serikali ya kaunti haibadilishi tiketi zikawa moja. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, ilhali utalii wa mashinani ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo ada na tiketi za mbuga za kitaifa huamuliwa na taasisi za kitaifa. Kaunti haiuzi tiketi hizo na haiwezi kumrudishia mgeni pesa.

Kinachobaki mikononi mwetu ni mapokezi. Mgeni hulala, hula, hununua mafuta na hukodi gari au dereva katika miji yetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anaondoka saa sita mchana akiwa na hasira.

Maswali manne ya kumuuliza mgeni

Iwapo wewe ni mhudumu wa nyumba ya wageni, mwendeshaji boda boda, dereva wa matatu au mwenye duka, uliza haya kabla ya kuonyesha njia:

1. *Unataka kuona nini?* Ndovu wekundu, Aruba au Galana ni Tsavo Mashariki. Mzima, Ngulia, Shetani au Jipe ni Tsavo Magharibi. Salt Lick ni Hifadhi ya Taita Hills. Misitu na ndege wa mlimani ni upande wa Wundanyi.

2. *Tiketi yako imeandikwa mbuga gani?* Malipo ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Kama hajalipa, mshauri athibitishe jina la mbuga kwanza. Raia wabebe vitambulisho, kwa sababu ada hutofautiana kulingana na uraia.

3. *Unalala wapi usiku wa leo?* Jibu hili ndilo linaloonyesha lango lililo karibu. Anayekuja kwa treni ya SGR inayosimama njiani ashuke Voi kwa Tsavo Mashariki, au Mtito Andei kwa Chemchemi za Mzima.

4. *Una gari?* Pikipiki haziruhusiwi ndani ya mbuga, na hairuhusiwi kutembea kwa miguu kiholela. Mwendeshaji boda boda akimwacha mgeni langoni bila gari, amemwacha njiani. Ni heri amsaidie kupata gari la kukodi mjini kabla ya kuondoka.

Mkumbushe pia kwamba tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki zinazotumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na maeneo yaliyohifadhiwa. Abebe maji katika chupa ya kutumiwa tena.

Wenye nyumba za wageni wanaombwa wabandike karatasi ya maswali haya mapokezini, pamoja na majina ya malango yaliyo karibu na umbali wake. Na kama mgeni anakwenda mahali usipopajua vizuri, mwambie hivyo, kisha umpeleke kwa anayepajua. Hilo ni bora kuliko kumwonyesha njia ya kubahatisha.