Kukopa harusi, kulipa matanga: Kufilisika kwa watu maarufu kulivyotikisa familia zao

Mtu akifilisika, jina linaloandikwa ni moja. Ndilo linalosomwa mahakamani na ndilo dalali analolitaja siku ya mnada. Lakini nyumbani wanaolipa ni wengi: mke au mume, watoto, wazazi wazee na ndugu waliotoa akiba zao kwa kuaminiana.

Historia ina watu wengi wenye majina makubwa waliopitia hali hiyo. Wamo waandishi ambao vitabu vyao vinasomwa hadi leo, mchoraji ambaye kazi zake sasa ni miongoni mwa zenye thamani kubwa duniani, na hata rais mstaafu wa Marekani. Maisha yao yanaonyesha kuwa familia mbili zinaweza kupata hasara inayofanana, moja ikabaki na kidonda cha miaka mingi na nyingine ikasimama pamoja. Mara nyingi tofauti ilikuwa katika nani aliambiwa nini, na nani alibebeshwa mzigo gani.

Mtoto wa miaka 12 apelekwa kazini

Charles Dickens, mwandishi maarufu wa Uingereza, alizaliwa Februari 7, 1812. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini. Mshahara ulikuwepo, lakini matumizi yaliuzidi. Vitu vya ndani vikaanza kupelekwa kwenye duka la rehani kimoja baada ya kingine, na aliyekuwa akitumwa kuvipeleka ni Charles.

Februari 1824, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 12, mtoto huyo alianza kazi kwenye ghala la dawa ya viatu jijini London. Kazi yake ilikuwa kufunika makopo ya dawa hiyo na kuyabandika lebo, saa 10 kwa siku, kwa ujira wa shilingi sita au saba kwa wiki.

Siku chache baadaye baba yake alikamatwa kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Wakati huo sheria ya Uingereza iliruhusu mdaiwa kufungwa hadi alipe au afikiane na wadai wake. John Dickens akapelekwa gereza la Marshalsea. Mke wake, Elizabeth, na watoto wadogo wakahamia humo humo gerezani, kwa kuwa hawakuwa na pa kuishi. Charles akabaki nje, akipanga kwa watu na kujinunulia chakula kwa ujira wake. Jumapili alikuwa akienda gerezani kuwaona wazazi.

Dada yake mkubwa, Fanny, aliendelea na masomo ya muziki katika chuo cha kifalme jijini humo. Siku Fanny alipopewa tuzo chuoni, Charles alilia. Baadaye aliandika kwamba hakumwonea wivu dada yake, bali aliumia kuona yeye ameachwa nyuma.

Baba aliachiwa baada ya miezi mitatu hivi, lakini Charles hakutolewa kazini mara moja. Hata baba alipomtoa hatimaye ili arudi shule, mama alitaka arudi kazini. Dickens alieleza akiwa mtu mzima kwamba hakuwahi kulisahau jambo hilo na asingeweza kulisahau.

Kisha kikafuata kimya. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazazi wake hawakuwahi kuzungumzia tena kipindi hicho mbele yake. Hakuna aliyemweleza kwa nini alichaguliwa yeye, wala aliyempa pole. Naye akaufanya mkasa huo kuwa siri. Alimweleza rafiki yake, John Forster, na wasomaji waliujua katika kitabu cha Forster kuhusu maisha yake, kilichoanza kutoka mwaka 1872. Dickens alikuwa amefariki dunia miaka miwili kabla.

Baba yake hakujifunza. Aliendelea kukopa, akakamatwa tena kwa deni mwaka 1834, na mwanawe alipopata umaarufu akawa analipa madeni ya baba. John Dickens alifika hatua ya kuomba fedha hata kwa wachapishaji wa vitabu vya mwanawe.

Rais mstaafu abaki na dola 80

Ulysses Grant aliongoza jeshi la Kaskazini kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kisha akawa rais kuanzia 1869 hadi 1877. Wakati huo Marekani haikuwa ikiwalipa pensheni marais wastaafu, hivyo alihitaji kipato kingine.

Mwanawe, aliyeitwa pia Ulysses, alikuwa mbia wa kijana machachari wa Wall Street aliyeitwa Ferdinand Ward. Grant akajiunga nao na kuweka fedha zake. Ndugu kadhaa wa familia nao waliweka akiba zao, wakivutiwa na faida kubwa iliyokuwa ikitolewa.

Faida hiyo haikutokana na biashara. Ward alikuwa akiweka hati zilezile dhamana ya mikopo tofauti, na fedha za waliokuja baadaye akizitumia kuwalipa waliotangulia. Grant hakuwa akikagua vitabu vya hesabu. Alimwamini Ward kwa sababu alikuwa mbia wa mwanawe.

Mapema Mei 1884 Ward alimweleza kwamba benki inayohusiana na kampuni yao ina matatizo ya muda mfupi. Grant, aliyekuwa akitembea kwa magongo baada ya kuanguka kwenye barafu, akaenda kwa tajiri William Vanderbilt na kukopa dola 150,000 kwa jina lake mwenyewe. Siku chache baadaye kampuni ilianguka, na fedha hizo zikapotea pamoja na nyingine zote. Nyumbani, Grant alibaki na takriban dola 80 na mke wake, Julia, dola 130.

Vanderbilt alikuwa tayari kulisamehe deni lake. Grant na Julia walikataa, wakamkabidhi mali zao, zikiwamo panga na zawadi alizopewa baada ya vita.

Katikati ya mwaka huo Grant alianza kusikia maumivu makali ya koo. Alionana na daktari bingwa Oktoba, na ikabainika kuwa ni saratani. Kwa miaka mingi alikuwa amevuta sigara kubwa nyingi kila siku.

Aliyekuwa na hofu ya kumwacha mke wake bila kitu akaanza kuandika kumbukumbu zake za vita. Mwanawe mkubwa, Fred, alimsaidia kuhakiki tarehe na nyaraka. Sauti ilipokatika, aliwasiliana na watu wa nyumbani kwa vikaratasi. Alimaliza kitabu siku chache kabla ya kufariki dunia Julai 23, 1885. Februari 1886 Julia alipokea hundi ya kwanza ya dola 200,000, na kwa jumla kitabu kilimwingizia takriban dola 450,000.

Mke aliyetaka kila mdai alipwe

Mchapishaji wa kitabu hicho alikuwa kampuni ya mwandishi Mark Twain, ambaye jina lake halisi ni Samuel Clemens. Miaka minane baada ya hundi ile kwa Julia, Twain naye alifilisika.

Aliweka fedha nyingi, ukiwamo urithi wa mke wake, Olivia, kwenye mashine ya kupanga herufi za uchapaji iliyobuniwa na James Paige. Mashine ilikuwa na maelfu ya vipande na ikawa inaharibika kila mara. Kila mwaka Twain aliambiwa bado kidogo tu ikamilike, naye akaongeza fedha. Aprili 1894 kampuni yake ya uchapishaji ilifungwa ikiwa na madeni.

Rafiki yake tajiri, Henry Rogers, alimsaidia kupatana na wadai. Kisheria Twain angeweza kulipa sehemu tu ya madeni na kuendelea na maisha. Olivia alitaka kila mdai apate dola yake kamili, na mumewe akakubali.

Julai 1895, akiwa na umri wa miaka 59, Twain alianza ziara ya kuzunguka dunia akitoa mihadhara ya kulipiwa: Marekani, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Olivia na binti yao Clara walifuatana naye. Mabinti wengine wawili, Susy na Jean, walibaki Marekani.

Ziara ilifanikiwa, lakini Agosti 1896, wazazi wakiwa bado mbali, Susy aliugua homa ya uti wa mgongo na kufariki dunia akiwa na miaka 24. Olivia na Clara walikuwa melini wakimkimbilia. Baba alipata taarifa akiwa peke yake Uingereza. Mapema mwaka 1898 deni la mwisho lililipwa.

Kijana amwajiri baba yake

Nchini Uholanzi, mchoraji Rembrandt alinunua nyumba jijini Amsterdam mwaka 1639 kwa guilder 13,000, sehemu kubwa ikiwa deni. Alipenda pia kununua picha, silaha za kale na vitu adimu. Mwaka 1656 alijisalimisha mahakamani kuwa hawezi kulipa. Makarani waliorodhesha mali chumba kwa chumba, zikauzwa kwa mnada, na mwaka 1658 nyumba nayo ikauzwa.

Mke wake, Saskia, alikuwa amefariki dunia mwaka 1642. Rembrandt alikuwa akiishi na mwenza wake, Hendrickje, na mwanawe, Titus, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 15 wakati wa kufilisika. Mwaka 1660 wawili hao walisaini mkataba wa kuendesha biashara ya picha, huku Rembrandt akiwa mtu wa kuwafanyia kazi kwa malipo ya chakula na malazi. Kwa njia hiyo wadai wa zamani hawakuweza kuchukua kila picha aliyoikamilisha, naye akaendelea kuchora hadi karibu na kifo chake mwaka 1669.

Titus naye alikuwa kijana mdogo aliyeingizwa kazini kwa deni la baba, kama Dickens. Lakini yeye alikuwa ndani ya mpango: jina lake lilikuwa kwenye mkataba na alijua unalinda nini.

Deni na afya ya nyumba

Hofu ya deni ya muda mrefu hudhuru mwili. Usingizi hukatika, kichwa huuma, hamu ya kula hupotea na shinikizo la damu linaweza kupanda. Wengine huongeza pombe au sigara. Sonona nayo huweza kuingia, hasa kwa mtu anayebeba siri peke yake.

Watoto hawahitaji kuambiwa ili wajue kuna tatizo. Wanaona simu inakatwa haraka na wanasikia wazazi wakinong'onezana usiku. Mdogo anaweza kurudia kukojoa kitandani, mkubwa akashuka darasani au akawa mkali bila sababu inayoonekana. Asipopewa maelezo, mtoto hujitungia yake, na mara nyingi hudhani kosa ni lake.

Mikopo inayoitwa "kausha damu" imezidisha siri hizo katika nyumba nyingi. Mke anakopa mume asijue, au mume anaweka bondi hati ya kiwanja mke asijue. Familia inapata habari siku wadai wanapokuja kubeba televisheni na makochi.

Mzazi afanye nini

Kwanza, wenza wakae waandike madeni yote: anayedai, kiasi, riba na tarehe. Hata lile la aibu liandikwe. Olivia na Julia waliweza kuamua pamoja na waume zao kwa sababu walijua kiasi kinachodaiwa.

Pili, mtoto aelezwe kwa kipimo cha umri wake. Wa miaka sita anatosha kusikia kwamba fedha zimepungua, baadhi ya vitu havitanunuliwa kwa sasa, na yeye hana kosa. Wa miaka 14 anaweza kuambiwa kwa nini anahama shule na mpango uliopo. Kama mmoja anaendelea na shule na mwingine anasimama, asiachwe akisie sababu.

Tatu, mtoto asitumwe mlangoni kusema "baba hayupo", wala asifanywe wa kukopa dukani kwa niaba ya mzazi. Kusaidia kazi za nyumbani ni sawa. Kuacha shule ili alipe deni la mtu mzima si sawa.

Nne, wadai waendewe mapema, kabla ya tarehe kupita, kuomba muda au marejesho madogo. Mkopo mpya wa kulipa wa zamani usichukuliwe kabla mtu mwingine mwenye kujua hesabu hajaisoma karatasi. Hilo linahusu pia biashara ya mtoto, shemeji au rafiki wa familia.

Tano, matibabu yasiahirishwe kwa sababu ya madeni bila kuuliza kwanza utaratibu uliopo hospitalini. Mtu aliyekosa usingizi au aliyekata tamaa kwa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya. Na anayesema ni bora afe asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo.